Bustani za nyoka Pwani: Nyoka asiye na pa kujongea hamfundishi mtu

Mwezi Mei 2025, mahakama iliyo katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kupatikana na maelfu ya sisimizi waliotiwa ndani ya vichupa. Wawili walikuwa vijana kutoka Ubelgiji, mmoja raia wa Vietnam na mmoja Mkenya mwenzetu. Wengi wetu tulicheka. Sisimizi nao wana soko? Wanalo, na wanunuzi wao ni watu wa ng'ambo wanaowafuga majumbani kama sisi tufugavyo kuku.

Kesi ile ilihusu wizi wa mali ya nchi, na ilistahili kuchukuliwa kwa uzito. Lakini mimi iliniachia swali jingine. Kiumbe asiye na sauti akishatiwa ndani ya chombo, nani huuliza anaishije humo? Nauliza kwa sababu sisi watu wa Pwani tuna viumbe wa aina hiyo karibu zaidi ya sisimizi wa Naivasha. Tuna nyoka.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kuokota nyoka shambani na kumfuga nyumbani kama paka. Ni lazima awe na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kwa hivyo nyoka wengi waliofungwa huku kwetu wako kwenye bustani za maonyesho, Mombasa, Malindi na Watamu, ambako mgeni hulipa kiingilio na watoto wa shule huletwa kwa basi. Baadhi ya mahali hapa pana sifa kubwa. Bio-Ken ya Watamu, iliyoanzishwa na James Ashe na mkewe Sanda mwaka 1980, imekuwa kimbilio la watu walioumwa na nyoka na la wanaotaka nyoka aondolewe nyumbani bila kuuawa. Sisemi hapa kwamba bustani za nyoka zifungwe. Nasema tuanze kuziuliza swali ambalo hatujaziuliza: nyoka huyu siku nzima anafanya nini?

Nimeingia katika bustani kadhaa za aina hii. Katika mojawapo, ambayo sitaitaja, nilimkuta chatu mrefu kuliko mimi ndani ya sanduku la kioo ambalo halikufika hata nusu ya urefu wake. Chini palikuwa na saruji tupu na beseni la maji. Hakuna gogo, hakuna jani, hakuna kivuli. Pua yake ilikuwa imechubuka. Kijana aliyekuwa akitutembeza alisema, "Huyu ni mpole sana, hata hasogei." Wageni wakapiga picha, tukapita.

Asogee aende wapi? Pua iliyochubuka ilikuwa inatoa jibu tofauti na la yule kijana. Nyoka anayesukuma na kusugua kioo kwa pua mara kwa mara anatafuta njia ya kutoka. Macho yake yanaona upande wa pili, mwili wake unakataliwa kupita, na hilo ni jambo ambalo porini halimfikii kamwe.

Najua jawabu ambalo wengi watanipa: nyoka hana akili ya kuchoshwa na jela, akishiba ametosheka. Watu waliokaa na nyoka maabarani wamepata matokeo mengine. Mwaka 1999, David Holtzman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwaweka nyoka wachanga wasio na sumu katika uwanja wenye matundu kadhaa, moja tu likiwa la kutokea. Nyoka wale walijifunza mahali pa tundu lile, na kila waliporudishwa walilifikia upesi zaidi. Mwaka 2006, watafiti wa Tennessee walilinganisha nyoka waliokulia katika masanduku matupu na wenzao waliokulia penye vitu vya kupanda na kujifichia. Waliokulia penye vitu waliwashinda wenzao katika majaribio ya kutafuta njia. Na mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, waliwapa nyoka nafasi ya kuchagua kati ya sanduku tupu na lililotengenezwa vizuri. Nyoka walichagua lililotengenezwa. Sasa, kiumbe akichagua, ni vigumu kusema kwamba kwake yote ni mamoja.

Mwili nao una madai yake. Mwanadamu ana pingili 33 hivi za uti wa mgongo. Nyoka ana kati ya 200 na zaidi ya 400, na kila moja imeshikwa na misuli. Mwili huo umeumbwa kujivuta, kujinyoosha, kupanda na kuogelea. Mwaka 2019 Clifford Warwick na wenzake wawili walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba nyoka wa aina nyingi hujinyoosha mara kwa mara wanapopata nafasi, wakapendekeza kwamba sanduku lisiwe fupi kuliko nyoka mwenyewe. Kwa watu wa kawaida kama sisi hilo ni jambo dogo: ukimjengea mtu chumba, angalau aweze kunyoosha miguu. Nyoka asiyejongea na anayelishwa kila wiki hunenepa, misuli yake hulegea, na gamba humvuka vipande vipande kwa kukosa kitu kigumu cha kujisugulia na unyevu wa kutosha.

Hata hivyo, kumchangamsha nyoka hakuna maana ya kumsumbua. Hapa ndipo ujuzi unapohitajika, kwa sababu nyoka hawafanani. Bafe, ambaye wengine humwita kifutu, ni mvizia. Anaweza kulala mahali pamoja muda mrefu sana akingoja panya apite. Huyu ukimtaka azunguke kutwa unamwonea. Anachohitaji ni majani makavu ya kujifukia na kona ya kutulia. Koboko ni kinyume chake. Hutembea mchana, ana mwendo wa kasi, na hutafuta chakula kwa kukifuata. Koboko wa kijani huishi juu, kwenye miembe, mikorosho na minazi yetu, hivyo sanduku pana lisilo na matawi kwake ni kama sakafu ya jangwa. Chatu hupenda maji ya kuzama mwili mzima. Na yule nyoka mdogo mnene wa mchangani, ambaye wafugaji wa Marekani na Ulaya humwita kwa jina la Kenya na kumuuza kwa wingi, kazi yake ni kujizika mchangani na kuchungulia. Mweke juu ya gazeti, kama wengi wafanyavyo, na utakuwa umemnyang'anya kazi yake yote.

Jambo la pili ni ulimi. Nyoka akitoa ulimi anaokota harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho katika kaakaa. Hivyo ndivyo anavyoisoma dunia. Sanduku linalopigwa dawa kali ya kusafishia kila asubuhi na kuachwa tupu halina la kusoma. Watunzaji stadi huburuta panya aliyekufa kupita juu ya gogo na nyuma ya jiwe kabla ya kumficha, ili nyoka afuate njia ya harufu mpaka akipate chakula chake. Wengine huingiza gamba lililovuliwa na nyoka mwingine, au hubadilisha tawi moja leo na jiwe moja mwezi ujao. Hawabadilishi vyote kwa mara moja, maana nyoka akiamka hajui alipo naye huingiwa na hofu. Na maficho hayaondolewi kamwe. Yawe mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, ili asilazimike kuchagua kati ya kujisitiri na kupata joto linalomfaa.

Gharama yake ni ipi? Kwa Pwani, ni ndogo mno. Magogo ya mkorosho tunayachoma makaa. Makumbi ya nazi yamejaa mashambani, mchanga upo, vifuu vya nazi vinatosha kuwa maficho ya nyoka wadogo. Majani makavu ya mwembe tunayafagia na kuyatia moto kila asubuhi. Vianikwe juani vizuri kwanza, visije vikaingia na wadudu. Kinachokosekana zaidi ni mtu wa kusema kwamba kazi hii ni sehemu ya kufuga.

Wako watunzaji watakaopinga, nami nawaelewa. Mmoja aliniambia, "Bwana, wewe huingizi mkono wako humo. Mimi nikijaza majani kwenye chumba cha swila, nitamwonaje?" Ana haki ya kuuliza, kwa maana ni maisha yake. Lakini jawabu lipo na linatumika kwingi duniani: maficho yenyewe yawe sanduku lenye kilango kinachofungwa kutoka nje. Nyoka akishaingia, kilango kinafungwa kwa fimbo ndefu, mtunzaji anafanya usafi kwa utulivu, kisha anafungua. Nyoka amepata pa kujisitiri, na mtu amepata usalama zaidi ya aliokuwa nao alipokuwa akimkabili swila mwenye hofu juu ya saruji tupu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Watu wanakufa kwa nyoka, nasi tunawatafutia nyoka starehe? Kweli wanakufa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufariki kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliingiza janga hili katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahaulika. Hata wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sina haja ya kumwambia mama wa Ganze au Magarini ampende bafe.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo ndipo jambo hili linatuhusu. Bustani hizi hujitetea kwamba zinafundisha. Mtoto wa shule anapelekwa amwone bafe ili akimkuta njiani amtambue. Sasa bafe mwenyewe amelazwa juu ya saruji nyeupe chini ya taa, kila doa lake laonekana. Mtoto anarudi nyumbani akiamini kwamba bafe ni kitu kinachoonekana kwa urahisi. Kesho yake anapita peku chini ya mkorosho, ambako bafe na majani makavu ni rangi moja. Amefundishwa nini? Mweke bafe ndani ya majani makavu, umwambie mtoto, "Mtafute." Akihangaika dakika tano bila kumwona, somo limeingia, na atavaa viatu. Vivyo hivyo akimwona koboko wa kijani akiteleza kwenye tawi kimyakimya, ataelewa kwa nini mchumaji wa maembe hutazama juu kabla ya kupanda. Kinachomfaa nyoka na kinachomfaa mtoto hapa ni kitu kimoja.

Kuna na hii desturi ya kumtoa chatu na kumvika mgeni shingoni kwa ajili ya picha, mgeni baada ya mgeni. Wenyewe hudai kwamba hilo ndilo zoezi lake. Hapana. Zoezi ni pale anapoamua mwenyewe kupanda, kuingia majini au kujificha. Kushikwashikwa na watu 30 tangu asubuhi hadi jioni, huku akizuiwa kuondoka, ni kazi ya kibarua asiyelipwa.

Kwa hivyo nina maombi kwa pande tatu. Kwa KWS: masharti ya kibali cha kuweka nyoka yataje kwa maneno wazi urefu wa sanduku kulingana na urefu wa nyoka, maficho mawili, upande wa joto na wa baridi, na vitu vya kupanda au kujizika kulingana na aina yake. Yabandikwe mlangoni, yasomwe na kila aingiaye. Kwa idara za utalii za kaunti zetu: mnapozitangaza bustani hizi kwa wageni, zitangazeni zile zinazotimiza hayo. Wageni wengi wa siku hizi wanajali, na picha ya chatu aliyechubuka pua huzunguka dunia nzima kabla ya kukauka wino wa tiketi.

Kwa wewe msomaji, hasa mwalimu unayepanga safari ya wanafunzi, nenda na maswali manne. Nyoka huyu anaweza kujinyoosha? Ana pa kujificha? Ana kitu cha kufanya kinachofanana na maisha yake ya porini? Pua yake ni nzima? Ukipata majibu mabaya, mwambie mwenye bustani kwa adabu, mbele ya watoto, na umwambie utarudi mwakani kuangalia.

Nyoka hapigi kelele kama mbwa wala halii kama paka, na ndiyo maana ni rahisi kumsahau. Lakini ukimfunga mnyama na ukamtoza mtu shilingi ya kumtazama, basi haki zake zote zimehamia shingoni mwako. Magogo yapo, makumbi yapo, majani yapo. Kazi hii inaweza kuanza Jumatatu.