Mafiga Matatu na Mtihani wa Sumaku

Mwalimu wa fizikia wa Songea anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake swali ambalo wataalamu wa dunia bado hawajalimaliza, hana haja ya kungoja maabara mpya. Sarafu tatu zinamtosha. Azipange mezani kama mafiga, kisha awatake wanafunzi wazigeuze mpaka kila sarafu iwe kinyume cha jirani zake wote wawili. Watahangaika bure. Zipo njia nane za kuzilaza sarafu hizo. Katika njia mbili, zote tatu hufanana; katika sita zilizobaki, daima jozi moja hufanana. Hakuna hata njia moja inayoziridhisha jozi zote.

Wahenga walisema kuwa jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga yakiwa matatu, chungu hutulia. Lakini umbo hilohilo la pembetatu linaloleta utulivu jikoni huleta mgogoro ndani ya sumaku.

Katika baadhi ya vitu, kila atomi ni kama sumaku ndogo, kwa sababu ya tabia ya elektroni iitwayo spini. Katika sumaku ya chuma, spini zote za sehemu moja huelekea upande mmoja. Lakini katika vitu vingine kila spini hutaka kuwa kinyume cha jirani yake. Atomi zikijipanga kama miraba ya bao la drafti, hakuna taabu: nyeupe juu, nyeusi chini. Zikijipanga katika wavu wa pembetatu, huzuka taabu ileile ya sarafu. Mwaka 1950, Gregory Wannier alithibitisha kwa hesabu kwamba spini zenye pande mbili tu, juu na chini, haziwezi kupata mpangilio mmoja katika wavu huo, hata zikipozwa mpaka sifuri halisi, yaani kama nyuzi 273 za Selsiasi chini ya sifuri.

Spini za kweli, hata hivyo, hufuata sheria za kwanta. Mwaka 1973 Mmarekani Philip Anderson alipendekeza kwamba katika wavu wa pembetatu spini zaweza kushikana mbili mbili bila jozi yoyote kuwa ya kudumu, hali ikiwa mchanganyiko wa namna nyingi za kushikana kwa wakati mmoja. Hali hiyo huitwa kiowevu cha spini. Atomi zenyewe zimekaa mahali pake kama katika jiwe. Kinachokataa kuganda ni spini. Hesabu za baadaye zilionyesha kuwa katika wavu ulio sahili kabisa spini hupatana kwa kuachana pembe ya digrii 120, na kiowevu hakitokei. Wazo lenyewe halikufa, kwa kuwa nguvu nyingine zikiongezwa mapatano hayo yaweza kuvunjika. Ndipo ulipoanza msako wa vitu halisi.

Mwaka 2003 watafiti wa Japani walipima chumvi moja ya kikaboni yenye shaba. Spini zake huvutana kwa nguvu inayolingana na joto la kelvini 250 hivi, lakini hazikuonyesha mpangilio wowote hata kwenye kelvini 0.032. Furaha ilikuwa kubwa. Mwaka 2021, vipimo vilivyofanywa Stuttgart, Ujerumani, vilionyesha dalili kwamba huenda spini za chumvi hiyo zimefungika katika jozi za kudumu. Mwaka 2015 watafiti wa China walileta oksidi ya iterbiamu, magnesiamu na galiamu. Nayo haikuonyesha mpangilio, lakini ndani yake atomi za magnesiamu na galiamu zimechanganyika ovyo. Mwaka 2018 ndugu yake, yenye zinki mahali pa magnesiamu, ilionekana kufanana na kioo: spini zimekwama ovyo ovyo.

Hapo ndipo penye fundisho. Lundo la mawe halina mpangilio; maji ya Mto Ruvuma, yaanzayo katika milima ya Matogoro, nayo hayana mpangilio. Lakini maji hutiririka na mawe yamelala. Kukosa kuona mpangilio si ushahidi wa kiowevu. Kwa hiyo wataalamu huviita vitu hivi watahiniwa tu, na neno hilo mwanafunzi hahitaji kufafanuliwa. Mtahiniwa amekwisha kuingia chumba cha mtihani, matokeo hayajatoka.

Wapo watakaouliza: mwanafunzi wa Songea ana faida gani na sumaku zinazopimwa karibu na sifuri halisi, ilhali hata vifaa vya kawaida ni haba? Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na sarafu hazichukui nafasi ya maabara. Lakini mwanafunzi anayefundishwa sayansi iliyokwisha malizika peke yake hudhani kuwa kazi ya sayansi ni kukariri majibu ya wengine. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka shule zijenge akili ya kudadisi. Akili hiyo haijengwi kwa maswali yenye majibu nyuma ya kitabu tu.

Mfano upo nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Alichekwa, lakini hakuliacha swali lake, na mwaka 1969 yeye na Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walilichapisha. Hadi leo wataalamu hubishana juu ya vipimo na sababu zake. Swali hilo nalo lingali mtahiniwa.

Basi kila inapotangazwa kwamba kiowevu cha spini kimepatikana, darasa liulize mambo matatu: spini zimepozwa mpaka wapi zikilinganishwa na nguvu inayozivuta? Fuwele ni safi, au atomi zake zimechanganyika? Na ni kipimo gani kinachoonyesha kwamba spini zinatembea, wala hazikukwama? Mwanafunzi anayeuliza hivyo amekwisha kuanza utafiti, hata kama mezani pake pana sarafu tatu tu.