Mwaka wa Siku Nne

Toleo hili linahusu sayari-nje, yaani sayari zinazozunguka nyota nyingine mbali na Jua, na linaanza na jitu moja la gesi ambalo, kwa nadharia zilizokuwa zikifundishwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, halikupaswa kuwa mahali lilipo. Jitu la gesi ni sayari kubwa iliyofanyika zaidi kwa hidrojeni na heli, isiyo na ardhi ya kukanyagwa, kama zilivyo Mshtarii na Zohali. Sayari inayozungumzwa hapa huizunguka 51 Pegasi, nyota ya jamii ya Jua iliyo umbali wa takriban miaka-nuru 50 katika kundinyota la Farasi. Tungamo lake halipungui sana nusu ya lile la Mshtarii, lakini wakati Mshtarii huhitaji karibu miaka 12 kulizunguka Jua, yenyewe humaliza mwaka wake kwa siku 4 na saa chache, kwa umbali usiofika kilomita milioni 8 kutoka kwa nyota yake, ilhali Utaridi, jirani wa karibu kabisa wa Jua, iko mbali zaidi ya mara saba ya hapo.

Wagunduzi wake hawakuiona sayari yenyewe. Walichokipima ni nuru ya nyota, ambayo ikipitishwa katika spektrografu, chombo cha kuichambua nuru katika rangi zake, huonyesha mistari myembamba myeusi; nyota ikivutwa na sayari kuja upande wetu mistari hiyo husogea kidogo kuelekea buluu, ikivutwa kwenda mbali husogea kuelekea nyekundu, kama vile sauti ya king'ora inavyopanda gari la wagonjwa linapokaribia na kushuka likishapita. Kasi ya nyota hiyo hupanda na kushuka kwa mita 56 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 200 kwa saa, ambayo mbele ya kasi ya nuru ni sehemu moja tu katika milioni tano. Michel Mayor wa Geneva na Didier Queloz, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, waliupima mchezo huo kwa spektrografu iliyoitwa ELODIE katika kituo cha Haute-Provence, kusini mwa Ufaransa. Nyota ilipopotea katika mwanga wa Jua kwa miezi kadhaa ya mwaka 1995, walikokotoa kasi itakayokuwa nayo itakaporejea, na Julai iliporejea ikakuta hesabu inaisubiri. Tangazo lilitolewa Florence tarehe 6 Oktoba, na mwaka 2019 wawili hao walipewa nusu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia.

Sifa nyingi huelekezwa kwa chombo, na ni haki yake; lakini chombo peke yake hakielezi kwa nini ugunduzi ulichelewa. Otto Struve aliandika mwaka 1952 kwamba hakuna kinachozuia sayari kubwa kuwa karibu mno na nyota yake, na kwamba kuyumba kwa nyota kungeifichua. Andiko lake halikupata wa kulifuata. Geoffrey Marcy na Paul Butler, huko California, walikuwa na vipimo vya miaka kadhaa ambavyo havikuwa vimechakatwa vyote, maana anayesubiri mzunguko wa miaka 12 haharakishi kazi ya wiki hii. Waliposikia habari za Florence waliithibitisha sayari hiyo katika siku chache, wakarudi kwenye kumbukumbu zao, na kufikia Januari 1996 wakatangaza nyingine mbili. Mfumo mmoja, huu wa Jua, ulikuwa umefanywa kipimo cha mifumo yote.

Kosa la pili, ambalo waandishi wa habari za sayansi bado hulifanya, ni kuigeuza sayari hiyo kuwa kipimo kipya. Majitu yaliyo karibu hivyo, yanayoitwa Mshtarii moto, yaligunduliwa mapema kwa kuwa huyumbisha nyota zao kwa nguvu na kwa haraka, wala si kwa wingi wao, kwani kati ya nyota mia zinazofanana na Jua ni shida kupata moja iliyo nayo. Mvuvi atupaye jarife, wavu wa matundu makubwa wa kunasia papa, hawezi kurudi pwani na kusema kwamba bahari haina dagaa. Jinsi majitu hayo yalivyofika yalipo, kama yalizaliwa mbali penye barafu kisha yakasogezwa ndani na diski ya gesi, au yalivurugwa na majirani zao, ni mjadala ambao bado unaendelea.

Mwaka 2019, katika kampeni ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, Kenya iliiita nyota HD 83443 Kalausi na sayari yake Buru, na Tanzania ikaiita WASP-71 Mpingo na sayari yake Tanzanite. Sayari hizo mbili nazo ni Mshtarii moto, na mwaka wa kila moja haufiki siku 3. Wanaotaka kuandika juu yake katika matoleo yajayo wanaombwa, kila watakapotaja idadi ya sayari za aina fulani, waeleze pia chombo kilichotumika kingeweza kuona nini na kisingeweza kuona nini.