Kipya Kinyemi, Kingawa Kidonda



Oktoba 2025, kompyuta kadhaa za sisi mafrateri zilikuwa zikituonyesha tangazo lilelile kila tulipoziwasha: huduma ya Windows 10 ingekoma tarehe 14 ya mwezi huo. Baada ya siku hiyo, mfumo huo usingepokea tena masasisho ya usalama kama kawaida. Tulipotaka kuhamia Windows 11, tukakuta mashine zetu hazina sifa. Toleo hilo linahitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazifikii hapo.

Tuseme ukweli: hatukuhuzunika. Wengi wetu tulifurahi moyoni, maana tulikuwa tumepata sababu. Siku hiyohiyo tulianza kulinganisha uzito, vioo na rangi za kompyuta tusizokuwa nazo. Kufikia jioni, barua ya kuomba msaada katika parokia zetu za nyumbani ilikuwa tayari. Ilisema, “Kompyuta zetu zimekufa.” Na tuliiandika kwa kompyuta hizohizo zilizokufa.

Kabla hatujaituma, mmoja wetu akauliza: hiyo pesa itatoka kwa nani? Jibu tulilijua sote. Itatoka kwa mama wa jumuiya anayeuza maandazi, anayefungua pindo la kanga na kutoa elfu moja yake kwa ajili ya miito, bila kuuliza itatumikaje. Barua haikutumwa. Swali lile halikuondoka, na ndilo linalotufanya tuandike.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Sasisho la usalama ni jambo moja, kifaa kipya ni jambo lingine. Sasisho huziba tundu ambalo wezi wa mtandaoni wanaweza kupitia. Kompyuta ya ofisi ya parokia inaweza kuwa na majina ya wabatizwa, kumbukumbu za ndoa na hesabu za michango. Anayebonyeza “nikumbushe baadaye” miezi sita mfululizo anachezea amana ya watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo hatukubaliani na wenzetu wanaosema kila kipya ni anasa ya dunia.

Kifaa kipya, hata hivyo, kina hoja yake. Katika kitabu cha kwanza cha Siasa, Aristotle anaeleza kwamba kiatu kina matumizi mawili: kuvaliwa, na kubadilishana kwa kitu kingine. La kwanza ndilo matumizi yake hasa. Tukiazima mfano huo, sisi vijana tumeviongezea vifaa vyetu matumizi ya tatu: kuonekana navyo. Kompyuta ya frateri ni ya kusoma, kuandika insha na kuwasiliana. Ikiwa ya zamani bado inafanya hayo kwa usalama, basi tunachoomba si kompyuta. Tunaomba hadhi, na tunataka wengine watulipie.

Tukazirudia mashine zetu, moja baada ya nyingine. Baadhi tuliziandikisha zipate masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Nyingine tuliziwekea Linux, mfumo usiolipiwa, pamoja na LibreOffice inayofungua insha zetu za zamani. Wiki mbili za kwanza tulinung'unika kama Waisraeli jangwani, kwa kuwa vitufe havikuwa mahali tulipovizoea. Kompyuta moja ilikuwa imekufa kweli. Hiyo tutaiombea msaada, safari hii kwa barua isiyo na uongo.

Windows 10 ilitoka mwaka 2015. Mwaka huohuo Baba Mtakatifu Fransisko alitoa waraka wake Laudato Si', akikemea utamaduni wa kutupa, unaogeuza vitu kuwa takataka upesi na kuwaweka watu pembeni vilevile. Tuliusoma waraka huo tukidhani unazungumza na wenye viwanda. Kumbe ulikuwa unazungumza hata na mwenye kompyuta moja mezani.

Siku moja, Mungu akitujalia, tutasimama mbele ya watu na kuwahubiria kuridhika na walicho nacho. Watatusikiliza wakiwa wameshaona tunachobeba mkononi. Zoezi la kuridhika haliwezi kungoja upadrisho.

Nanyi waamini wapendwa, tusaidieni. Frateri akija kuwaomba kifaa kipya, mwulizeni kwa upole: kile cha zamani kimeshindwa kufanya nini? Mwenye shida ya kweli atajibu mara moja. Sisi wengine tutaona haya kidogo, na haya hiyo itatufaa.