Chumba karibu na kituo, utamu wake na bei yake

Wiki hii tunakwenda Sinza, ila safari inaanzia mbali kidogo, Kingerikiti. Wale wa “ndiyo wapi huko?” chukueni ramani. Ni milimani mkoani Ruvuma, wilaya ya Nyasa, ile iliyokuwa sehemu ya Mbinga mpaka ilipomegwa mwaka 2012. Huko ni kahawa, maharage, mahindi na ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isiondoke na udongo wa mlimani. Na mtu wa huko akikwambia “ni hapo tu”, jua una mlima mmoja mbele yako na mwingine unakusubiri nyuma yake.

Sasa mchukue kijana aliyekulia kwenye “hapo tu” hiyo, umlete Bongo. Kutembea saa nzima kwake si habari. Dalali akimwambia kuna chumba chee Mbezi ya ndani ndani, anajibu, “Poa tu bosi, si gari zipo?” Analipa miezi sita, dalali anachukua kodi yake ya mwezi mmoja, mshikaji anaingiza godoro na jiko la gesi, anajiona kaula.

Subiri kwanza. Tushike kalamu. Tuseme kibarua chake kipo Kariakoo. Asubuhi bodaboda mpaka barabara ya Morogoro, buku. Gari ya kwanza 600, akishuka anaunga nyingine 600. Hiyo ni 2,200 kwenda, na 2,200 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 114,400, na bado hajanywa hata chai. Mwenzake anayekaa nyuma ya Shekilango, anayetembea dakika kumi na kupanda gari moja kwa 600 hiyo hiyo, anatumia 31,200. Tofauti ni 83,200 kila mwezi. Sasa niambie, kile chumba ni chee kwa nani?

Na hapo sijagusa muda. Masaa mawili kwenda na mawili kurudi, kwa siku hizo 26 unapata masaa 104. Zaidi ya siku nne nzima, usiku na mchana, umesimama kwa mguu mmoja huku umeshika bomba na kwapa la mwenzako lipo usawa wa pua. Watu wanalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawasomi, hawafanyi mazoezi, hawana hata muda wa kuchumbia. Watachumbia saa ngapi, jamani?

Ndiyo maana Sinza inapendwa. Wengi wanadhani inapendwa kwa ajili ya baa na masista duu tu. Hapana. Sinza ilipangwa. Miaka ya 1970 serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachora barabara na kuweka huduma kabla watu hawajajenga. Manzese nayo, ambayo ilikuwa imeshajaa watu, iliingizwa kwenye mpango ule ule. Haikuvunjwa, iliboreshwa. Kwa hiyo leo ukisimama Sinza Kijiweni, Mori, Kumekucha au Afrika Sana, unaona mitaa iliyonyooka, na gari linaweza kukufuata mpaka mlangoni ukiwa mgonjwa. Hospitali ipo pale pale Palestina. Mwenge ipo pua na mdomo, Mlimani City pia, chuo kikuu kwa mguu kama una mguu wa Kingerikiti. Ukikosa nauli huaibiki, unatembea kama unanyoosha viungo.

Kwa watu wa kusini palikuwa na utamu mwingine. Kabla ya mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalikuwa yanaishia Ubungo. Ukikaa Manzese, Ubungo au Sinza, gunia la maharage kutoka nyumbani unalifuata kwa mkokoteni. Dagaa wa Nyasa wanafika hata harufu haijajua kama imehama ziwa. Februari 2021 kituo kikubwa cha Magufuli kikafunguliwa Mbezi Luis, na ramani ya kifurushi ikapinduka. Yule wa Mbezi ndani, tuliyekuwa tunamcheka, siku ya gunia anacheka yeye. Lakini gunia linakuja mara mbili kwa mwaka, kazini unakwenda kila siku.

Kuna jambo moja hatulisemi vya kutosha, nalo ni la dada zetu. Msichana anauza duka Kariakoo, tajiri anafunga saa mbili usiku, saa nyingine tatu. Akishuka kituoni ana njia mbili: taa, watu, mama wa chipsi anayemjua kwa sura, kisha mlango, au kichochoro cha giza na bodaboda asiyemfahamu. Hiyo si anasa wala mambo ya kujidai. Mimi msichana akiniambia analipa nusu ya mshahara kwa ajili ya chumba kimoja karibu na lami, simwiti mfujaji.

Shangazi wa kijana mmoja wa huko kwetu milimani alikuja kumwona mwaka huu. Akazunguka chumba kwa hatua nne, akauliza kodi. Alipoambiwa alikaa chini.

“Mwanangu, hela hiyo nyumbani si bati za nyumba nzima?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Na hapa unalipia nini? Ukuta wa watu?”

“Nalipia barabara, shangazi.”

Shangazi akanyamaza. Barabara anaijua. Kutoka lami ya Mbinga kwenda Mbamba Bay hadi kwao ni udongo, na masika yakishika anajua mzigo wa kahawa unavyotota njiani.

Lakini nisiwadanganye. Sinza usiku wa Ijumaa inaimba mpaka asubuhi, na kitanda chako kitacheza hata kama hutaki. Mvua kubwa ikija, Jangwani ikajaa maji barabara ikafungwa, wewe wa Shekilango na yule wa Mbezi wote mnakwama pamoja. Na wenye nyumba siyo wajinga, utamu wa kituo wameshautia kwenye kodi.

Kwa hiyo ukienda kuona chumba usiende Jumapili mchana na dalali anayechekacheka. Nenda mwenyewe saa moja asubuhi ya Jumatatu, utazame watu wanavyogombea gari. Rudi saa tatu usiku, uhesabu taa ngapi zinawaka kutoka kituoni hadi mlangoni. Muulize mpangaji, siyo mwenye nyumba, maji yanatoka siku gani. Na LUKU, uliza ni mita moja kwa vyumba vingapi. Mwenye friji atakwambia hatumii umeme mwingi. Tukutane wiki ijayo.