Tusifute Kabla ya Kuuliza: Hitilafu ya Kompyuta Kama Somo

Katika mazungumzo juu ya ufundishaji wa kompyuta shuleni, yanayotajwa sana ni vifaa: shule ina mashine ngapi, umeme utatoka wapi, na nani atalipia intaneti. Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo liko swali jingine ambalo mwanachuo hukutana nalo siku ya kwanza anapobaki peke yake na darasa: kompyuta ikikataa kazi, mwalimu afanye nini mbele ya wanafunzi wake?

Desturi zilizoenea ni mbili. Ya kwanza ni kuizima mashine na kuifungia stoo mpaka fundi apatikane. Ya pili ni kufuta kila kilichomo na kuweka mfumo upya, bila mtu yeyote kujua ni nini kilichoharibika. Maoni ya makala haya ni kwamba desturi zote mbili zinamnyima mtoto somo lililo bora kuliko mengi yaliyomo kitabuni. Yafaa vyuo vya ualimu vimfundishe mwanachuo kutafuta chanzo cha hitilafu kwanza, na utungaji wa programu ujengwe juu ya msingi huo.

Mazingira ya kazi

Mji wa Karatu uko zaidi ya kilomita 130 kutoka Arusha, kwa barabara ya lami inayoendelea hadi kwenye lango la Ngorongoro. Mwalimu aliyepangwa mjini Karatu aweza kumpata fundi kwa siku moja. Mwenzake aliyepangwa Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, au Endulen ndani ya eneo la hifadhi, au Loliondo upande wa kaskazini, hana budi kuhesabu kwanza nauli, siku za safari na majira ya mvua. Kwake yeye, mashine isiyotengenezeka hapo ilipo ni sawa na mashine isiyokuwepo.

Wilaya ya Karatu inao mfano wa kuangaliwa. Shirika la Powering Potential lilianzia kazi yake katika Shule ya Sekondari Banjika, na baadaye likafunga katika shule za sekondari kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua, pamoja na maktaba ya RACHEL isomwayo bila intaneti. Raspberry Pi ilianza kuuzwa mwaka 2012 huko Uingereza. Ni kompyuta kamili juu ya kibao kidogo kama kadi, nayo huendeshwa na Linux. Mtoto atakayeketi mbele ya mashine ya namna hiyo kidato cha kwanza ametoka katika mikono ya mwalimu wa shule ya msingi. Tabia ya kuuliza au ya kuogopa ameipata huko.

Fundisho la mwaka 1974

Historia ya nchi yetu inatupa onyo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta kushindwa, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini. Miongoni mwa sababu za kushindwa huko ni uhaba wa Watanzania wenye ujuzi, hata kazi ikawategemea mno wataalamu wa kigeni. Marufuku hayo yameondolewa zamani, lakini fundisho lake limebaki: chombo kisichoeleweka na wenye nacho huwa mzigo kwao siku kinapokosea. Shule inayofunga kompyuta stoo kwa kukosa mtu wa kuuliza kilichoharibika inarudia, kwa kipimo chake kidogo, hasara ile ile.

Kwa nini Linux

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Ni programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuyasoma maagizo yake, kuyabadili na kuyagawa kwa wengine. Kwa mwalimu, faida kubwa ya uhuru huo ni kwamba mashine haimfichi kitu. Programu iliyokataa kufunguka kwa kubonyezwa picha yake huweza kuanzishwa kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, nayo mara nyingi itaeleza hapo hapo kwa nini imekataa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwalimu anayebonyeza picha mara kumi kwa hasira, bila kwenda kusoma ujumbe, anayaficha maradhi ya mashine yake mwenyewe.

Mfano: mahudhurio ya Jumatatu yaliyoandikwa Ijumaa

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Tuseme wanachuo wametunga programu ndogo ya dirisha kwa lugha ya Python, wakitumia zana za GTK za kuchorea madirisha na vitufe. Dirisha lina orodha ya majina ya wanafunzi, na chini yake kitufe kilichoandikwa «Hifadhi». Kitufe kikibonyezwa, programu huandika katika faili majina ya waliohudhuria pamoja na tarehe ya siku hiyo. Wiki nzima inafanya kazi vizuri. Ijumaa mchana mashine inazimwa. Jumatatu asubuhi inawashwa, mahudhurio yanahifadhiwa, na faili linaonyesha tarehe ya Ijumaa.

Mwanachuo asiyezoeshwa atasema, «Programu imeharibika,» kisha ataanza kubadili maagizo huku na huku mpaka aharibu na yaliyokuwa sahihi. Aliyezoeshwa ataanza kwa kuligawa tatizo: je, kosa limo katika programu au liko nje yake? Atafungua terminali na kuiuliza mashine yenyewe, kwa amri ya date, leo ni tarehe ngapi. Mashine ikijibu kwamba ni Ijumaa, basi programu haina hatia, imeandika ilichoambiwa.

Chanzo ni hiki. Kompyuta nyingi za mezani zina saa yenye betri ndogo inayoendelea kutembea hata umeme ukizimwa. Raspberry Pi, tangu toleo la kwanza hadi la 4, hazina saa ya namna hiyo. Zikiunganishwa na intaneti hupata saa kutoka huko. Zisipounganishwa, huanzia kwenye saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Toleo la 5, lililotoka mwaka 2023, lina saa, ila betri yake hununuliwa mbali. Katika shule isiyo na intaneti, basi, Jumatatu ya mashine ni Ijumaa mpaka mtu airekebishe.

Hapo ndipo utungaji wa programu unapoanza hasa, kwa maana dawa ni zaidi ya moja na kila moja ina gharama yake. Mwalimu aweza kurekebisha saa kwa mkono kila asubuhi. Haigharimu fedha, lakini siku atakayosahau mahudhurio yataharibika. Shule yaweza kununua kifaa kidogo cha saa chenye betri. Kitafanya kazi, ila ni lazima kiagizwe. Au programu yaweza kubadilishwa ili kila inapofunguliwa ionyeshe tarehe na kuuliza, «Je, hii ndiyo tarehe ya leo?» pamoja na vitufe viwili vya kukubali na kusahihisha. Dawa ya tatu inawafundisha wanachuo kuongeza dirisha, kusoma jibu la mtumiaji, na kuikataa tarehe isiyowezekana. Inawafundisha pia kwamba programu njema hutungwa kwa ajili ya mahali itakapotumika.

Hatua za kufuata darasani

Kutokana na mfano huo tunaweza kupendekeza hatua tano.

Kwanza, hitilafu ielezwe kwa maneno kamili kabla mtu hajagusa kitu. «Haifanyi kazi» siyo maelezo. «Nilibonyeza Hifadhi, dirisha likabaki wazi, faili halikuongezeka» ni maelezo.

Pili, ujumbe wa kosa usomwe. Katika Python mstari wa mwisho hutaja aina ya kosa, na mistari iliyo juu yake hutaja faili na namba za mistari ambamo programu ilipita. Basi msomaji aanzie chini apande juu.

Tatu, tatizo ligawanywe. Ikiwa kioo ni cheusi, je, ni kioo, ni waya, ni mashine, au ni umeme? Raspberry Pi huhitaji volti 5. Zikishuka chini ya takriban 4.63, alama ya radi hutokea pembeni mwa kioo. Katika shule inayotumia umeme wa jua, alama hiyo ni ya kutazamwa kabla ya kulaumu programu yoyote, maana waya mwembamba au adapta hafifu huweza kuizimisha mashine katikati ya kazi.

Nne, kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha programu ijaribiwe. Anayebadili vitu vitatu kwa pamoja akafanikiwa hatajua ni kipi kilichomponya.

Tano, yaandikwe daftarini: dalili, chanzo, dawa na tarehe. Daftari la hitilafu ni mali ya shule. Mwalimu akihamishwa, lenyewe libaki.

Aidha, mkufunzi asingoje hitilafu zije zenyewe. Azipande. Afute mabano moja katika maagizo, abadili jina la faili, au aweke hesabu ndefu ndani ya kitufe ili dirisha ligande. Kosa hilo la mwisho lina mafunzo mengi. Programu ya dirisha hungoja matukio na kuyashughulikia moja baada ya jingine, kama mkata tiketi mmoja wa stendi: akiondoka dirishani kwenda kuhesabu mizigo yote ya basi, foleni nzima husimama. Mwanachuo aliyeona dirisha likiganda, akatafuta sababu, hatasahau kwamba kazi ndefu hupewa karani mwingine.

Lugha ya makosa

Lipo tatizo ambalo hatua hizo hazilimalizi. Watoto wengi wa Karatu na Ngorongoro huja shuleni wakiwa na Kiiraqw, Kimaasai, Kidatooga au Kihadza. Kiswahili ni lugha yao ya shule, na ujumbe wa kosa huja kwa Kiingereza. Mtoto huyo hana budi kuvuka mito miwili kabla hajafika kwenye tatizo lenyewe.

Programu huria zinatupa njia. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu maagizo yalikuwa wazi kwa kila mtu. Programu nyingi za Linux huyaweka maneno ya madirisha yake katika faili la pekee ili yatafsiriwe bila kugusa maagizo mengine. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa mwanachuo mwenye Kiswahili kizuri. Na programu anazozitunga mwenyewe zitoe ujumbe wa Kiswahili tangu mwanzo: «Faili la majina halipatikani. Angalia kama umechomeka flashi.» Kwa yale yasiyotafsirika kwa urahisi, darasa litengeneze chati ya ukutani yenye makosa kumi yanayotokea mara kwa mara, na maelezo ya kila moja.

Pingamizi

Wako watakaosema kwamba mwalimu wa shule ya msingi ana darasa la watoto wengi na vipindi vifupi, wala hana nafasi ya kuchunguza. Hoja hiyo ina uzito. Jibu letu ni kwamba uchunguzi haufanywi na mwalimu peke yake. Watoto wanne wakabidhiwe daftari la hitilafu, waulize, waandike, na walieleze darasa. Dakika kumi za kazi hiyo zina kusoma, kuandika, kuhesabu na kufikiri kwa mpango.

Wengine watasema kuweka mfumo upya ni haraka zaidi. Kuna nyakati ambapo ndivyo inavyopasa. Kadi ya kumbukumbu iliyoharibika kwa kuchomoa waya kabla ya kuzima mashine kwa utaratibu huenda isiponyeke, na shule yenye busara huweka kadi ya akiba. Lakini asiyejua kwamba chanzo kilikuwa ni kuchomoa waya ataichomoa tena kesho, na kadi ya akiba itakwenda njia ile ile.

Hitimisho

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilidai kwamba shule imjenge mtoto mwenye moyo wa kuuliza na uwezo wa kujifunza kutokana na kazi. Jembe na shamba la shule vilitumika kwa lengo hilo. Kompyuta nayo yaweza kutumika, mradi mwalimu asiigeuze kuwa kitu cha kutazamwa na kuogopwa.

Ndugu mwanachuo, kabla hujaenda kwenye mazoezi ya kufundisha, tunga programu moja ndogo ya dirisha itakayofaa mahali unapokwenda: mahudhurio, akiba ya chakula cha shule, au hesabu ya bei ya magunia ya vitunguu kwa watoto wa Mang'ola. Iharibu kwa makusudi mara tano, na mara zote tano uitengeneze kwa kufuata hatua zilizotajwa, ukiandika daftarini. Kisha peleka programu na daftari pamoja. Mashine itakapokataa kazi mbele ya darasa, wakabidhi watoto daftari, uwaulize: «Imetuambia nini?»