Mlitazama Kucha, Jeki Hamkuiona

Wadau, habari ya mjini wiki hii ni ile video ya dada yetu wa Bongo Movie. Jina kapuni, maana yule ni Mpare, na Wapare mnawajua kwa kesi, mimi sina hela ya wakili. Yuko zake likizo nyumbani kwao Makanya, kule Same, kavaa dera, kucha ndefu nyekundu, anabadilisha pedi za breki za mbele za Prado lake kwa mikono yake mwenyewe. Sekunde 40, muziki juu, tairi linarudi, huyo anapandisha mlima kwenda Suji na gari limejaa watoto wa ndugu.

Komenti zikafurika. Wa kwanza: "Kafulia, hela ya fundi hana." Wa pili: "Mpare atoe hela ya fundi? Labda mbingu ianguke." Wa tatu wakapigana kuhusu kucha, eti mwanamke wa hadhi yake hashiki spana. Nimesoma mpaka macho yamechoka, sijaona hata mmoja aliyeuliza: hilo gari limeshikiliwa na nini?

Rudieni kuangalia. Limeshikiliwa na jeki. Jeki moja, ile inayokuja na gari, imesimamishwa kwenye vumbi bila ubao chini, bila stendi pembeni, na tairi za nyuma hazijawekewa hata jiwe. Na yeye mguu kauingiza chini ya gari.

Niseme msimamo wangu mapema ili mkitoa povu mtoe kwa haki. Kubadilisha breki nyumbani si kosa wala si dalili ya kufulia. Pedi za diski za mbele ni kazi ambayo mtu makini anaweza kuifanya akiwa na vifaa na muda. Na mwanamke anayelijua gari lake hadanganywi kirahisi gereji. Kwa hilo nampa heko. Ninachogomba ni video kukata sehemu zote zinazomfanya mtu arudi nyumbani salama, halafu wafuasi wake wakaiga zile sekunde 40.

Kwa ambao Makanya mnaijua kwa dirisha la basi tu: ipo barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, ukishapita Hedaru kabla ya kufika Same mjini. Hapo chini ni tambarare kavu, mkonge na jasi. Ila nyuma yake imesimama milima ya Upare wa Kusini, ile ambayo kilele chake cha Shengena kinafika mita 2,462. Ukiwa tambarare unaweza kuendesha wiki nzima na breki mbovu usijue. Kupanda Suji nako injini ndiyo inayoteseka. Kushuka ndiko kunakokuumbua.

Na mteremko una siri yake. Ukikanyaga breki muda wote, pedi na diski zinapata moto, na moto ule unafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo yanavuta unyevu kadiri yanavyokaa. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205 hivi, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inazama mpaka chini na gari linaendelea kwenda. Pedi mpya hazikusaidii hapo kama mafuta ni ya miaka mitano. Ndiyo maana mtu wa milimani anashuka na gia namba 1 au 2, breki anaigusa na kuiachia.

Tusijifanye hatujui mwisho wake. Februari 2024 pale Ngaramtoni, Arusha, lori lililoripotiwa kufeli breki liligonga magari mengine, watu 25 wakafa. Wengi wao hawakuwa hata ndani ya lori.

Sasa video kamili ingekuwaje? Gari kwenye sakafu ngumu, mawe kwenye tairi za nyuma, nati zimelegezwa kabla ya kunyanyua. Jeki inanyanyua, stendi ndizo zinashikilia. Pedi zinabadilishwa kushoto na kulia kwa pamoja, maana ukibadilisha upande mmoja gari linavuta. Kalipa haining'inizwi kwa mpira wake wa mafuta, inafungwa kwa waya. Pini zake zinasafishwa na kupakwa grisi ya breki, lakini hakuna grisi inayogusa diski wala uso wa pedi. Vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo. Diski ikiwa na mifereji au imeliwa kupita kipimo chake, kazi inasimama hapo hapo, inatafutwa diski.

Halafu ile hatua ambayo dada yetu ameikata kabisa: kupampu pedali kabla ya kuondoka. Ukirudisha pistoni nyuma ili pedi mpya ziingie, breki ya kwanza haishiki, inazama tu. Unapampu mpaka pedali iwe ngumu, unaangalia kiwango cha mafuta, unakaza nati tena tairi likiwa chini, unajaribu polepole barabara ya tambarare, ukiwa peke yako. Pedi zinahitaji kuzoeana na diski kwanza. Suji na watoto wa shangazi inasubiri kesho.

Inawezekana yote hayo aliyafanya kamera ikiwa imezimwa. Basi ayapost. Mtu mwenye wafuasi wengi hivyo akionyesha stendi na pampu ya pedali, vijana watanunua stendi. Akionyesha jeki na muziki, watanunua jeki na kuweka muziki. Na kama huna vifaa, mpelekee fundi, simama pembeni yake, uliza maswali, omba pedi zako za zamani uzione. Hakuna atakayekucheka kwa hilo, na akikucheka mwache ashuke Suji peke yake.

Haya, povu ruksa hapo chini. Ila ukitaja kucha kabla hujataja jeki, nitajua hujasoma.