Lipa Kwanza, Ndipo Uhubiri

Mahubiri mengi niliyoyasikia kuhusu kuridhika yametolewa na mtu ambaye mshahara wake ulikuwa umeshaingia.

Kabla ya kuanza shahada ya uzamili nilifundisha mwaka mmoja katika shule ya sekondari ya kanisa. Sitaitaja. Mwezi wa kwanza tulilipwa, wa pili tukalipwa nusu, wa tatu hatukuona kitu. Asubuhi moja, kwenye ibada ya wafanyakazi, mama aliyekuwa akitupikia alisimama, kanga amejifunga kiunoni, akauliza bila kupandisha sauti: "Samahani baba mchungaji, mishahara yetu tutaipata lini? Mimi nadaiwa kodi ya nyumba."

Alijibiwa kwa somo. Ilifunguliwa Wafilipi sura ya 4, pale Paulo anaposema amejifunza kuridhika katika hali zote. Mama akaambiwa mtumishi wa kweli hahesabu senti, na kwamba amwombe Mungu ampe moyo wa unyenyekevu. Tukafunga kwa sala. Nami nikaitikia "Amina", nikijiambia kuwa nanyamaza kwa unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu. Nilihitaji barua ya kunidhamini nipate chuo, na niliogopa.

Baadaye nikausoma waraka wenyewe, wote. Ni sura nne tu. Chai haipoi hujamaliza. Aliyeuandika alikuwa kwenye minyororo. Na yale maneno ya kuridhika yako katikati ya shukrani kwa msaada ambao Wafilipi walimtumia kwa mkono wa Epafrodito. Anakumbusha hata kwamba alipokuwa Thesalonike walimsaidia zaidi ya mara moja. Neno la Kigiriki analotumia kusema amepokea ndilo lililoandikwa kwenye risiti za zama zile. Sura tunayoitumia kumnyamazisha anayedai, kumbe ina risiti ndani yake!

Tena aliyesema ameridhika ni yule aliyepungukiwa, na alikuwa akijisemea mwenyewe. Hakuwa amekalia mshahara wa mtu huku akimfundisha subira. Yohana Mbatizaji naye, katika Luka sura ya 3, anawaambia watu waridhike na mishahara yao. Watu gani? Askari, wenye nguvu ya kuwanyang'anya wengine. Sisi tumeligeuza agizo hilo: tumemwondolea mwenye rungu, tumemtwika mpishi.

Mtasema kudai ni kiburi. Basi someni Matendo sura ya 16, yaliyotokea Filipi kwenyewe. Paulo na Sila walichapwa hadharani bila kuhukumiwa, wakatiwa gerezani. Asubuhi wakuu wa mji wakatuma watu wawaachilie kimyakimya. Paulo akakataa kutoka hivyo: waje wenyewe watutoe. Wakaja. Ndiye huyohuyo aliyewaandikia Wafilipi juu ya unyenyekevu wa Kristo. Na Yakobo, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa na matajiri unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Kama Mungu anakisikiliza kilio hicho, mchungaji ni nani hata akiite utovu wa unyenyekevu?

Sisemi kuridhika ni uongo. Mimi ninakuhitaji kuliko wengi. Usiku ninapekua simu, nikiona mwenzangu wa shahada ya kwanza anapiga picha kwenye theluji ya Berlin, chakula changu kinakosa ladha. Msimamizi wangu akinirudishia sura ya tasnifu imejaa wino mwekundu, nanuna siku mbili. Hapo ndipo ninapopaswa kujifunza: kufurahia cha mwenzangu bila kukitamani, kukosolewa bila kuvimba. Ni kazi ya kila siku, na bado naifeli. Lakini hiyo ni kazi ya kufunga tamaa yangu. Kufunga mdomo wa mwingine ni kazi nyingine kabisa, na haina Kristo ndani yake.

Siku ile, baada ya ibada, niliingia jikoni na sahani yangu, macho chini. Mama alinipakulia maharage kama kawaida, akaongeza upawa mmoja. "Kula, mwalimu," akasema. "Mimi nimeshauliza." Sijamwona mtu aliyeridhika kama yeye, wala mnyenyekevu kama yeye, na alikuwa bado anadai.

Wiki hii nimepewa kufundisha somo la kuridhika katika ushirika wetu wa wanafunzi. Nilikaa kuandaa vifungu, nikamkumbuka dada anayenifulia nguo. Nilikuwa sijamlipa wiki tatu, naye, kwa heshima, alikuwa ameniuliza mara moja tu. Nilikuwa nimemjibu, "Vumilia kidogo, dada."

Nikafunga Biblia, nikamtumia hela yake kwa simu, nikampigia kuomba radhi. Ndipo nikarudi kuandaa somo.